Goma, Kagera na kitufe cha kufuta: uchambuzi wa kisa cha kijiwe kimoja Arusha

Jumatatu ya Januari 27, 2025 waasi wa M23 walitangaza kwamba mji wa Goma, mashariki ya Kongo, uko mikononi mwao. Kufikia saa mbili usiku, kundi la WhatsApp la kijiwe kimoja cha kahawa pale Kaloleni, Arusha, lilikuwa limeshagawanyika. Wapo waliotaka Tanzania na majirani waingize jeshi kamili kuirudisha Goma, na wapo waliosema vita hivyo si vyetu. Baada ya siku chache msimamizi akalifunga kundi. Aliyefutiwa ujumbe alilalamika, mwalimu mmoja akamtetea msimamizi, na pande zote zikakubaliana jambo moja tu: atafutwe mtu asiye wa kijiwe asome kila kilichoandikwa, kisha aseme nani kakosea wapi. Kazi hiyo nikapewa mimi. Wahusika wameridhia kisa kiandikwe bila majina, na nimebadilisha vitu vidogo ili wasitambulike.

Kijiwe chenyewe ni cha kawaida kwa Arusha: madereva wa watalii msimu ukiwa chini, wauza vipuri, mwalimu wa historia wa sekondari, mzee aliyewahi kufanya kazi za tafsiri pale AICC, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, dada anayeuza vitenge Kilombero, na mstaafu wa JWTZ ambaye kila mtu humwita Afande. Afande alipigana Kagera akiwa kijana. Msimamizi ni fundi simu. Kundi alilianzisha yeye, na sheria zake tatu zimeandikwa kwenye maelezo ya kundi: hakuna matusi, hakuna siasa za vyama, hakuna kutuma kitu usichojua kimetoka wapi. Sheria nzuri. Hakuna hata moja inayomkataza mtu kutetea vita, na hapo ndipo mgogoro wote ulipoanzia.

Ujumbe wa Afande uliingia saa tatu kasoro. Ni mrefu, hauna tusi, na ukiusoma unaona mtu aliyekaa akaupanga. Alianzia 1978: Oktoba inaisha, majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka, na Novemba 1 Amin anatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Akanukuu maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, ambayo Watanzania wa umri wake wanayajua kwa ghibu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kutoka hapo akaja 2013. Machi mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098, ikaundwa brigedi ya mashambulizi yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Novemba, M23 wakatangaza kuacha vita. Hoja yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Nchi hizohizo tatu zilikuwa na askari mashariki ya Kongo tangu Desemba 2023, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. "Swali si kama tuingie vitani," aliandika. "Vijana wapo huko na wanakufa. Swali ni kama tutaendelea kuingia nusu."

Haikupita robo saa, mahali pake pakabaki yale maandishi ya kijivu yanayosema ujumbe umefutwa na msimamizi.

Mwalimu naye alikuwa ameandika, mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kama mtu anayejua somo lake. Alikumbusha kwamba Goma ilishatekwa na M23 hawahawa Novemba 20, 2012, na wakaondoka siku chache baadaye, Desemba 1, kwa mazungumzo na shinikizo la nchi za eneo hili, kabla hata hiyo brigedi anayoisifu Afande haijaundwa. Akaongeza kwamba ushindi wa 2013 haukudumu: kufikia mwisho wa 2021 M23 walikuwa wamerudi porini na bunduki zao. Hoja hizo mbili zinamgusa Afande moja kwa moja. Kama ujumbe wa Afande ungekuwepo, tungekuwa na mdahalo wa kweli usiku huo.

Mara ya pili Mwalimu aliandika hivi: "Wanaoshangilia vita waulizwe wana hisa ngapi kwenye koltani." Koltani ni madini yanayochimbwa mashariki ya Kongo. Aliiandika muda mfupi baada ya Afande, na hakuna aliyepata shida kuelewa anasemwa nani. Ujumbe huo haukufutwa. Upo mpaka leo.

Kisha akaingia kijana wa vipuri. Sitarudia alichoandika. Kwa ufupi alisema Watutsi wote wa Kongo ni wageni, wafukuzwe, na akawaita kwa jina la mdudu. Msimamizi alifuta na kumtoa kijana kundini papo hapo. Alifanya sawasawa, na sijasikia mtu yeyote kijiweni anayelalamikia hilo, hata rafiki zake kijana.

Asubuhi yake msimamizi alitoa maelezo kwa mstari mmoja: "Nimefuta jumbe mbili za uchochezi wa vita. Hatutaki uchochezi humu." Mbili. Ya Afande na ya kijana. Afande alipozungumza nami hakulalamika sana kuhusu kufutwa. Alilalamika kuhusu hiyo hesabu. "Nimewekwa kapu moja na mtu aliyewaita binadamu wadudu," aliniambia, "na waliosoma hayo maelezo bila kusoma nilichoandika wataniona hivyo mpaka nife."

Msimamizi alikuwa na sababu mbili, na zote mbili alizieleza bila kujificha. Ya kwanza ni woga. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na mtu anayeishi kwa kutengeneza simu za watu hataki kuitwa kituoni kueleza nani kaandika nini kwenye kundi lake. Woga huo si wa kuchekwa. Lakini ujumbe wa Afande haukuwa na taarifa ya uongo. Nimeupitia sentensi kwa sentensi. Kwa kigezo hicho, kilichostahili kufutwa kwanza ni klipu ya video iliyotumwa na upande wa kupinga vita, ikidaiwa kuonyesha miili barabarani Goma, ambayo aliyeituma hakuweza kusema imetoka wapi wala imepigwa lini. Sheria ya tatu ya kundi inaikataza waziwazi. Ilikaa mpaka mchana wa siku ya pili.

Sababu ya pili ndiyo inayonifanya niandike kisa hiki kwa urefu. "Anayetaka watu wafe ndiye anayepaswa kuthibitisha," msimamizi alisema. "Hakuthibitisha, nikafuta."

Nusu ya kwanza ya kauli hiyo naikubali kabisa. Katika mjadala wa vita pande mbili hazianzi mstari mmoja. Anayependekeza kuua na kuuliwa anabeba mzigo mkubwa wa kuthibitisha kuliko anayesema tusubiri. Akikosea, waliokufa hawarudi. Nusu ya pili ndiyo naikataa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa msemaji, na wa kuupima ni wasikilizaji. Msimamizi kazi yake ni nyingine: kuhakikisha wote wanazungumza kwa sheria zilezile. Msimamizi wa kijiwe cha Kaloleni aliuchukua mzigo wa msemaji akauweka kwenye mizani yake mwenyewe, akaupima usiku, peke yake, kisha akatupa hoja na mizani pamoja. Wanakijiwe walipoamka hawakuwa na kitu cha kupima.

Tuliona mwaka 2003 namna mzigo huo unavyopaswa kupimwa. Februari 5 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda Baraza la Usalama kueleza kwa nini Iraki ishambuliwe. Madai yaliwekwa mezani mbele ya dunia. Kwa kuwa madai ya silaha za Iraki yalikuwa mezani, yakapimwa: Machi 7, katika Baraza hilohilo, Mohamed ElBaradei wa shirika la nguvu za atomiki alisema nyaraka zilizodai kwamba Iraki ilijaribu kununua urani kutoka Niger si za kweli. Vita vilikuja hivyohivyo, wiki mbili baadaye, kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba mjadala wa wazi huzuia vita. Ila silaha zilipokosekana, kila mtu alijua ni dai gani lilitolewa, na nani, na lini. Ukifuta hoja ya vita unafuta na kumbukumbu ya kumdai aliyeitoa.

Basi, je, ujumbe wa Afande ulikuwa uchochezi? Kijiwe kina bahati ya kuwa na yule mzee wa tafsiri, na sehemu hii ni yake zaidi kuliko yangu. Alinieleza kwenye benchi la kahawa, shikamoo zikiingia kila dakika kutoka kwa wapita njia. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao 1976. Ibara yake ya 20 inasema propaganda yoyote ya vita ipigwe marufuku kisheria. Ukiishia hapo, msimamizi ana haki na Afande ana kesi. Lakini mwaka 1983 Kamati ya Haki za Binadamu inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba ibara hiyo haizuii mtu kutetea haki ya nchi kujihami. Inalenga wanaopigia debe vita vya uvamizi. Na fungu la pili la ibara hiyohiyo linahusu kitu kingine: kueneza chuki ya taifa, asili au dini kwa namna inayochochea ubaguzi, uhasama au fujo. Huko ndiko aliko kijana wa vipuri.

Tofauti hiyo ilipimwa hapa Arusha. Desemba 2003, mahakama ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, redio ya Rwanda iliyoeneza chuki dhidi ya Watutsi, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, katika ile iliyokuja kuitwa kesi ya vyombo vya habari. Rufaa iliamuliwa Novemba 2007, na adhabu zikapunguzwa: Nahimana kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, Ngeze kutoka maisha hadi 35, Barayagwiza kutoka 35 hadi 32. Majaji wa rufaa walitenganisha maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, wakaangalia lini yalitangazwa, kwa nani, na msikilizaji wa pale angeelewa nini. Matangazo ya RTLM waliyoyahesabu kuwa uchochezi wa aina hiyo ni ya baada ya Aprili 6, 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipotunguliwa na mauaji yakafuata. Mzee wa tafsiri aliishi na kesi hizo miaka mingi. "Kama majaji wale wenye vyumba vizima vya ushahidi walihitaji miaka kutenganisha neno na neno," alisema, "fundi simu hawezi kutenganisha kwa robo saa. Lakini angalau aanze kwa kuuliza: huyu anasema tupigane na jeshi, au anasema tuwachukie watu?"

Swali hilo linatosha. Afande alizungumzia jeshi, ardhi, azimio la Baraza na idadi ya askari. Hakutaja kabila hata mara moja. Kijana hakutaja jeshi hata mara moja. Mtu akiziweka jumbe hizo pamoja kwa sababu zote mbili zina neno vita karibu yake, hajasoma.

Nataka sasa kufanya kitu ambacho wanakijiwe hawakupata nafasi ya kukifanya, yaani kumjibu Afande. Hoja yake ingeweza kutikiswa vibaya, na kwa nguzo zilezile tatu alizozitumia.

Sababu. Kagera ilikuwa ardhi yetu, ikatangazwa kwenye redio kuwa ya mwingine. Goma ni ya Kongo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unaruhusu nchi iliyoshambuliwa kuomba wenzake waisaidie, na serikali ya Kinshasa iliiomba SADC, kwa hiyo huwezi kusema Tanzania haikuwa na sababu yoyote. Ilikuwa sababu ya kuazima. Na adui wa 1978 alijitangaza mwenyewe, wakati huyu anakana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa wakipigana pamoja na M23. Rwanda inakana, na inataja FDLR, kundi lililozaliwa na waliokimbia baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kuingia vitani kamili kungeweza kumaanisha wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kupigana wao kwa wao, na makao makuu ya Jumuiya hiyo yapo mwendo mfupi tu kutoka kwenye benchi tunalokalia. Nusu ya madereva wa kijiwe wana ndugu wanaopeleka mizigo Kigali kupitia Rusumo. Hilo peke yake lingejaza usiku mzima wa mjadala.

Uwezo. Mwaka 2013 brigedi ilikuwa ndani ya jeshi la Umoja wa Mataifa, na silaha na helikopta zake. Mwaka 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulitekwa na askari wa SADC wakabaki wamezingirwa kambini mwao. Afrika Kusini ilipoteza askari 14. Tanzania ilipoteza wawili. Machi 13 viongozi wa SADC walifuta idhini ya kikosi hicho, na kuanzia mwisho wa Aprili askari wakaanza kuondoka kwa barabara, kupitia Rwanda hadi Chato. Kupitia Rwanda! Afande hakuyajua hayo usiku wa Januari, wala mtu mwingine. Lakini swali la barabara, uwanja na nani anashika anga lingeweza kuulizwa usiku uleule, na yeye, kwa kuwa ni askari, ndiye angelijibu vizuri kuliko wote.

Nia. Hapa ndipo ningembana zaidi. Afande anaisimulia Kagera kana kwamba iliishia Kagera. Haikuishia. Majeshi yetu yaliingia Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, yakapigana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pale Lukaya Machi, yakaingia Kampala Aprili 11. Na katikati ya safari hiyo, Machi 24 hadi 26, Waganda waliokuwa uhamishoni waliitwa Moshi, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka hapa, waunde serikali ya kushika nchi Amin akianguka. Wakaunda UNLF, umoja wa makundi yao, na wakamchagua Yusuf Lule. Lule aliondolewa Juni 20, baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata naye akaondolewa Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Milton Obote, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni kwa vita vilivyoendelea hadi Januari 1986. Wenzetu wa Afrika hawakukaa kimya pia: kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Monrovia Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania hadharani kwa kuvuka mpaka wa jirani.

Mimi binafsi naona Tanzania ilikuwa na haki ya kuirudisha Kagera bila mjadala, na kwamba kumng'oa Amin kuliwaokoa watu wengi. Lakini Moshi inaonyesha kwamba mwisho wa vita unahitaji kuandikwa kwa uangalifu uleule wa kupanga mashambulizi, na hata wakijaribu watu wenye nia njema unaweza kuwavunjikia mikononi. Afande alisema nini kuhusu siku ya pili baada ya Goma kurudishwa? Hakusema kitu. Ujumbe wote, hakuna sentensi moja. Hilo ndilo pengo kubwa la hoja yake, na msimamizi kwa kuifuta alimwokoa asiulizwe. Kila nikilifikiria hili nacheka kidogo: mpinga vita alimpa mtetezi wa vita kinga ambayo hakuiomba.

Kuhusu Mwalimu nitakuwa mfupi. Hoja yake ya 2012 ilikuwa bora kuliko zote usiku ule. Mstari wake wa koltani ulikuwa shutuma dhidi ya mtu, bila ushahidi, na kijiweni kumwambia mzee kwamba anauza damu za vijana kwa ajili ya madini ni tusi hata kama halina neno la tusi. Sheria ya kwanza ilimhusu. Mwalimu aliniambia kwamba kila vita vina wanufaika na ana haki ya kuuliza. Ana haki. Aulize basi kuhusu wanufaika kwa majina ya kampuni na takwimu, asimwelekezee mtu aliyekaa naye meza moja.

Kuna mtu ambaye hakutajwa na yeyote aliponipa malalamiko yake, nikamgundua mwenyewe nikisoma: dada wa vitenge. Aliandika mara moja tu, mstari mmoja wa kuuliza kama kuna mwenye habari za watu wa Uvira. Hakujibiwa. Nilipompata Kilombero alinieleza kwamba mama yake ni Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, wa milima ya juu ya Uvira, na kwamba kijiweni hakuna anayejua. Alisoma ujumbe wa kijana kabla haujafutwa. Nilitegemea aniambie mjadala mzima ungepigwa marufuku. Hakusema hivyo. Alisema anataka wabishane, kwa sababu wajomba zake pia wanabishana, na wengine wao wanawachukia M23 kuliko Afande anavyowachukia. "Ila wakibishana wakumbuke kwamba tupo humu," alisema. "Wanaandika kama vile tuko mbali."

Usimamizi wa haki kwa kawaida tunaupima kwa wasemaji wawili: huyu kapewa nafasi, yule kapewa nafasi. Kwenye mjadala wa vita yupo na wa tatu, anayezungumziwa, na mara nyingi amekaa kimya palepale. Kumfuta kijana kulimlinda dada. Kumfuta Afande hakukumlinda kwa lolote. Kulimnyima jibu alilotaka kulisikia. Na kule kuziita jumbe hizo mbili kwa jina moja kulimfanya aamini kwamba Afande naye aliandika kitu kama cha kijana. Alikwepa kumsalimia kwa muda mrefu bila mzee kujua kwa nini.

Limebaki la kufunga kundi. Msimamizi alibadilisha mpangilio ili wasimamizi peke yao ndio watume jumbe. Kosa si kufunga. Watu walikuwa wamechemka na usiku wa mapumziko ungewafaa. Tazama mfuatano wake lakini. Saa nne na dakika kumi aliweka maoni yake marefu, ya kupinga vita, yenye hoja nzuri kiasi. Saa nne na dakika kumi na mbili alifunga. Alifunga mlango huku neno la mwisho likiwa lake. Hata aliyekubaliana naye, na Mwalimu ni mmojawapo, alikiri kwangu kwamba hilo lilimkera.

Niliwapelekea mapendekezo yangu kwa mdomo, kijiweni, bila karatasi. Ujumbe wa Afande urudishwe kwa mkono wake mwenyewe, na msimamizi aandike wazi kwamba haukuwa wa chuki. Kila kinachofutwa kitajwe kimevunja sheria ipi kati ya tatu, siku hiyohiyo, na mwandishi apewe nafasi ya kuandika upya kama kilichoharibika ni mstari mmoja. Msimamizi mwenye maoni juu ya hoja akabidhi kazi kwa mwingine kwa usiku huo. Awe msemaji kama wengine. Awepo msimamizi wa pili, na atoke upande asiokubaliana nao wa kwanza. Na kabla ya kumjibu mtu kuhusu vita, eleza kwanza alichosema mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hicho ndicho nilichosema. Hili la mwisho walilicheka. Dereva mmoja alisema kwa utaratibu huo Goma itakombolewa mara tatu kabla hatujamaliza sentensi ya kwanza.

Walijaribu hata hivyo, baada ya mkutano wa pamoja wa viongozi wa Afrika Mashariki na SADC uliofanyika Dar es Salaam Februari 8, ulioagiza kusitishwa mapigano na kurudi kwenye mazungumzo. Afande aliandika upya. Ujumbe wa pili ni mfupi zaidi na una aya nzima kuhusu nani angeitawala Goma ikisharudishwa. Aya dhaifu kwa maoni yangu, lakini ipo, na Mwalimu aliishambulia kwa Lule na Binaisa mpaka mzee akaomba muda wa kulala. Mwalimu hakuufuta mstari wa koltani. Aliandika chini yake kwamba haukumhusu Afande. Afande alijibu kwa alama ya dole gumba, na sijui zaidi ya hapo.

Msimamizi wa pili amepatikana, naye ni Afande, kwa kura ya kijiwe, huku msimamizi wa kwanza akiunga mkono. Sharti alilotoa mzee ni kwamba mjadala ukihusu jeshi yeye hasimamii.

Suala la kijana wa vipuri halijaamuliwa. Ameomba kurudi kundini. Mwalimu anataka akae nje miezi mitatu, Afande anataka aombe radhi kwanza, mzee wa tafsiri anataka kumsikia akieleza kwa maneno yake kwa nini alifutwa. Dada wa vitenge, ambaye sasa wachache wanajua habari za mama yake kwa sababu ameamua kuwaambia, amesema arudishwe tu, ila siku akirudi yeye ndiye atakayemwandikia wa kwanza.

Msimamizi amesema safari hii hataamua peke yake.